Tundu Chini ya Uso wa Maji

3 Machi

Mdogo wangu,

Simu tuiache. Mara tatu tumepigiana, na mara tatu mmoja wetu kakata kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe. Halafu huko kituoni kwako mtandao ni wa kuupandia ngazi. Barua haikatiki. Dereva wa lori linaloleta dawa ya maji kwenu kaniahidi atazibeba, kwenda na kurudi. Suruali zake mbili ziko kwenye cherehani yangu, kwa hiyo hana pa kukimbilia.

Baba bado yuko wodini. Nyonga inaunga, jeraha ndilo lililogoma kufunga. Daktari anasema katikati ya Aprili atatoka. Swali ni anatoka kwenda wapi.

Baba Mdogo keshaamua. Siku mbili tu baada ya wewe kuondoka kaita kikao, kasema mzee anayetia mpira wa bomba kwenye tangi la samaki, akausahau mpaka sebule ikajaa maji, akateleza kwenye maji yake mwenyewe, huyo si wa kukaa peke yake. Leo maji, kesho jiko. Anataka Baba ahamie kwake, chumba cha uani, nyumba ifungwe na tangi liondolewe. Lile tangi la chini ulilomtengenezea alishalivunja siku ile ile na kulitupa na bomba lake, eti ndilo lenye nuksi.

Mtu aliyepima viwanja vya watu miaka thelathini bila kukosea hatua moja, leo anajadiliwa mbele yake kama hayupo. Na yeye hajitetei. Anasema tu, "Labda nilisahau." Hilo ndilo linaloniuma kuliko nyonga.

Nimepigania kitu kimoja. Baba akitoka, tutakaa kikao pale pale sebuleni kwake. Baba Mdogo akikuta tangi linafanya kazi, sakafu kavu na Baba anajua kila kitu chake, basi Baba anabaki kwake na mimi nahamia kumwangalia. Akikuta maji chini, mizigo ya Baba nitaifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Nimeshatoa neno langu mbele ya watu.

Kwa hiyo nichoree tangi la chini jipya. Mimi ninachojua ni kwamba maji yanashuka kutoka tangi la juu, yanasafishwa huko kabatini, na pampu inayarudisha juu. Mengine ni uchawi wenu mafundi bomba. Karani yu hai. Namtolea maji machafu kwa ndoo na kumtia mengine ya chumvi kila siku. Samaki wa miaka kumi na minne, na ndiye Baba anayemwulizia kabla hajaniuliza mimi kama nimekula.

Dada yako


10 Machi

Dada,

Shikamoo. Mchoro huu hapa. Umesahau rula umeniletea maneno, lakini kabati nalikumbuka: ndani ni sentimita tisini kwa arobaini na tano. Tangi liwe themanini na sita kwa arobaini na moja, kimo arobaini. Mpe fundi vioo karatasi hii kama ilivyo.

Ndani utaweka kuta mbili za kioo, vyumba vitatu. Cha kwanza kinapokea maji yanayoshuka; humo kinakaa kile kichujio cha povu, mrija mrefu unaotoa uchafu kama povu la sabuni. Cha kati weka mawe na ule mwani wa Baba. Cha tatu ni cha pampu. Kuta ziwe fupi kuliko tangi, maji yaruke ukuta kutoka chumba hadi chumba, polepole, kama watu kwenye foleni ya benki.

Usijaze mpaka juu. Acha shibiri nzima tupu. Ukiona nafasi tupu utatamani kuitumia, nakujua. Usiitumie.

Na kwenye bomba linalopandisha maji, toboa tundu dogo, upana wa sindano ya magunia, upana wa kidole kimoja chini ya uso wa maji ya tangi la juu. Litakuwa linatema maji kidogo. Liache liteme. Usiwashe kitu kabla hujalitoboa.

Kuja siwezi. Huu ni mwezi wa pili tu tangu wanipe usimamizi wa pampu zote za kituo, nikiomba ruhusa tena watamrudisha yule wa zamani. Baba anasema nini hasa kuhusu siku ile? Anaeleza, au ndiyo hilo moja tu la kusahau?

Mdogo wako


17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kaa chini kwanza.

Vioo vilikuja jana, safi, kingo zimepigwa msasa. Nikavipanga kabatini kwa majaribio. Haviingii. Nikamwendea fundi vioo na moto wangu wote, nikamwambia kaharibu kazi ya watu. Akanitolea karatasi yako. Pembeni ya kila kipimo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimeongeza sentimita mbili huku na mbili kule.

Nafasi ya mshono. Miaka ishirini na mbili nakata nguo, mkono umeongeza wenyewe bila kuniuliza. Fundi vioo alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Kasema kioo hakikunjwi pindo, mama. Bahati yangu ni vikubwa, si vidogo, kavikata upya. Wiki moja imekwenda hivyo hivyo.

Baba Mdogo kapita na mtu wa kuangalia tangi la juu. Eti akilipenda alichukue na samaki wake. Walisimama mbele ya Karani wakipima upana wa mlango kwa mikono. Nimewaambia mlango ni mwembamba. Ni uongo wa wazi, lakini waliondoka.

Unauliza Baba anasema nini. Ni hilo moja tu. Ila jana nilimpelekea mchoro wako wodini auone, nikidhani utamchangamsha. Akauangalia muda mrefu. Akaweka kidole kwenye lile tundu ulilochora kwenye bomba, akatabasamu kidogo, akasema, "Safari hii amelichora." Kisha akaomba maji ya kunywa na kugeukia ukutani.

Sikumwelewa. Wewe umemwelewa?

Dada yako


24 Machi

Dada,

Naandika haraka, dereva kawasha injini.

Gundi: nunua ya silikoni tupu, isiyo na dawa ya kuua ukungu, hiyo dawa inaua samaki. Ile ya kawaida inanuka siki, usiogope harufu. Bandika ukuta kwa ukuta, usiguse siku saba. Kisha jaza maji ya kawaida, liweke uani juu ya magazeti siku tatu. Gazeti likibaki kavu, ingiza ndani.

Usiwashe pampu kabla ya kutoboa tundu. Nalirudia kwa sababu nakujua.

Alilosema Baba si kitu. Wagonjwa wanasema mengi. Mtu akilala siku nyingi, maneno yanamtoka yenyewe. Usimchokoe.

Mdogo wako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Baba hajachanganyikiwa. Sasa najua, na nadhani wewe umejua tangu siku ya kwanza.

Gundi imeshika. Magazeti yalibaki makavu siku tatu. Juzi fundi vioo alinisaidia kuliingiza, tukajaza. Drili yake iliungua, akaahidi kuja na nyingine asubuhi. Ningoje? Miezi miwili nabeba ndoo. Nikasema niwashe saa moja tu, nione maji yanatembea. Yalitembea, mdogo wangu. Yaliruka kuta kama ulivyosema, na Karani akasogea kwenye mdomo wa bomba akasimama kwenye mkondo wake wa zamani. Nililia, nakuambia ukweli.

Saa kumi alasiri umeme ukakatika. Si mimi niliyezima. Pampu ikanyamaza, lakini maji hayakunyamaza. Bomba lile lile la kupandisha likawa linashusha. Mdomo wake umezama chini kwenye tangi la juu, linayavuta na kuyatema kabatini. Ile shibiri yako tupu ilijaa nikiwa bado natafuta ndoo. Nimepiga magoti sebuleni nikichota na kumwaga, nachota na kumwaga, na maji yananipita magotini.

Yakaja yakasimama yenyewe. Nikatazama juu kuona yamebaki kiasi gani.

Pale kwenye kioo cha juu kuna mstari mweupe wa chumvi. Niliukuta Februari nilipoanza kusafisha, sikujua ni wa nini, na mpaka leo haujafutika. Maji yalikuwa yamesimama juu ya mstari ule ule. Ndiko mdomo wa bomba jipya ulipo, kwa urefu wa mchoro wako. Yakifika hapo bomba linavuta hewa, yanakatika.

Nikakaa kwenye sakafu yenye maji nikafikiri. Siku ile ya Februari umeme ulikatika pia, nakumbuka kwa sababu nilikuwa na gauni la harusi ya mtu mezani na pasi ikapoa. Tangi la juu nililikuta limepungua shibiri nzima. Mtu aliyesahau bomba la jikoni angelipunguzaje? Na ule mpira: ncha moja ilikuwa kwenye tangi la chini, nyingine sakafuni jikoni, kwenye mfereji wa maji machafu. Baba Mdogo alisema umechomoka kwenye bomba la jikoni. Haukuchomoka popote. Baba alikuwa anavuta maji yatoke. Alikuwa anafanya kile kile nilichofanya mimi juzi kwa ndoo, ila yeye ana miaka sabini na moja na alikuwa na ndara.

Bomba la zamani lilikuwa na tundu au halikuwa nalo? Nijibu kwa neno moja. Hadithi za foleni ya benki sizitaki.

Baba anatoka tarehe kumi na tano. Kikao ni tarehe kumi na saba.

Dada yako


11 Aprili

Lori limekuja bila barua. Dereva kasema uko mzima, na kwamba ulikula chakula chako na nusu ya chake. Amesema pia uliandika kitu ukakichana, mara mbili.

Baba Mdogo keshapeleka kitanda kwenye kile chumba cha uani. Kaweka na pazia. Nimeona pindo lake, limeshonwa vibaya.

Wewe endelea kula.

Dada yako


13 Aprili

Dada,

Halikuwa na tundu.

Nimempa dereva mwingine, wa lori la mabomba, ili ifike kabla ya kikao. Nisikilize mpaka mwisho, ndiyo faida ya barua ulivyosema.

Januari nilipokuja, ulilalamika kwamba Jumapili huwezi kuongea na Baba kwa kelele za maji. Bomba lilikuwa linamwagia juu juu. Sikulaumu kwa hilo, nakueleza tu ilivyokuwa. Nikaunga kipande kirefu, mdomo ukazama shibiri nzima, kukawa kimya. Ukasema afadhali. Baba akaja akachungulia, akaniambia, "Sasa litoboe hapa juu, umeme ukikatika livute hewa mapema." Nikamwambia najua, Baba, nitatoboa kesho. Drili ilikuwa kwenye begi, hatua tatu kutoka hapo. Ila nilikuwa nimeshanawa mikono na wewe ulikuwa umeshaandaa chakula. Kesho yake lori likaja mapema.

Kazi ya dakika moja. Hapa kituoni namfokea mtu yeyote anayesema "kesho" mbele ya pampu.

Siku ya nne pale wodini, ulipotoka kwenda kutafuta dawa, nilianza kumwambia Baba nitasema mimi mbele ya kila mtu. Akanikamata mkono. Kasema, "Nyamaza. Wamekupa usimamizi juzi tu. Fundi bomba aliyemvunja baba yake kwa maji hapewi tena hata bomba la kuoshea miguu. Mimi ni mzee, mzee akisahau si habari." Nikamwambia sawa.

Hilo ndilo linalonila. Si tundu. Ni kwamba nilisema sawa haraka mno, Dada, kama mtu aliyekuwa anangoja aambiwe hivyo. Sikujua kwamba bei yake ni nyumba yake. Na nilipojua, kwenye barua yako ya kwanza kabisa, nikakuchorea vyumba vitatu na mzaha.

Karatasi ya pili ni ya Baba Mdogo. Nimeandika yote na kuweka sahihi. Isome kwa sauti mbele ya wote. Kazini yakifika, yafike.

Mdogo wako


18 Aprili

Mdogo wangu,

Kikao kimekwisha. Nakueleza kama kilivyokwenda, hasira zangu nitakupa mwishoni.

Walikuja saa nne asubuhi, Baba Mdogo, mkewe na shangazi. Baba alikuwa kwenye kiti chake, magongo mawili pembeni, daftari la vipimo vya maji mapajani. Baba Mdogo aliingia na soksi, viatu kaviacha mlangoni, akakanyaga kila kona ya sebule akitafuta unyevu. Hakuupata. Akakaa. Akasema, "Leo ni kavu. Siku moja kavu haimrudishii mtu kumbukumbu."

Nikasema basi tuzime. Nikachomoa plagi ya pampu.

Maji yakaanza kurudi chini, yakapanda kwenye tangi jipya, na shangazi akainua pindo la gauni. Kisha lile tundu, ambalo sasa limetobolewa, likafyonza hewa, sauti kama ya mtoto akimaliza juisi kwa mrija, na kila kitu kikasimama. Tangi la chini limebakiza vidole vitano kujaa. Baba Mdogo akasema vizuri, lakini hiyo inahusiana nini na bomba la jikoni lililosahaulika?

Nikawasha tena, nikangoja maji yatulie. Nikachukua kipande cha nta, ile ninayopitishia uzi, nikaliziba tundu. Nikachomoa tena. Sikumwambia atoe miguu.

Maji yalijaa kabati, yakafika kizingiti chake, yakamfikia kwenye soksi. Akaruka juu ya kiti, mtu wa miaka sitini na nane. Nikamwonyesha mstari wa chumvi kwenye kioo na maji yalivyosimama juu yake, nikamwuliza, "Baba Mdogo, bomba la jikoni liko wapi hapo?" Kisha, nikiwa na miguu kwenye maji, nikafungua karatasi yako.

Baba alinyoosha mkono. Kasema, "Usisome." Mara ya kwanza maishani sikumtii. Niliisoma yote, hata pale penye drili kwenye begi. Nilipomaliza, Baba Mdogo alimgeukia akamwuliza, "Kaka, kwa nini ulituacha tukuite mwehu?" Baba akamjibu, "Mlinivunjia heshima yangu. Ya mwanangu ilikuwa bado changa." Baba Mdogo alikwenda jikoni akarudi na tambara, akaanza kukausha sakafu yeye mwenyewe. Hakuna aliyemsaidia.

Baba anabaki kwake. Cherehani yangu inahamia kesho.

Sasa hasira. Nilifunga kinywa cha mzee wangu miezi miwili kwa kumwambia "Baba, jitahidi kukumbuka." Nilimwambia hivyo akiwa amelala na maumivu, na anakumbuka kila kitu kuliko mimi. Hilo nakudai wewe. Na mimi najidai, kwa sababu ni mimi niliyetaka kimya siku za Jumapili. Sijakusamehe. Niko njiani, lakini usinisukume.

Baba ameomba karatasi. Amenifukuza chumbani ili asiandike nikimchungulia. Naiweka humu bila kuisoma.

Dada yako


18 Aprili

Mwanangu,

Mwandiko umepinda, usome polepole.

Umeniharibia uongo wangu. Ulikuwa uongo mzuri, nimeulea miezi miwili, na kazi yake ilikuwa moja tu. Nimekukasirikia. Halafu dada yako aliposoma mpaka mwisho nikaona kwamba kama usingeandika, ningekukasirikia zaidi, ila nisingekuambia kamwe, na ningekufa nayo. Kwa hiyo tumalize hapo.

Nilikuogopea wewe. Sikujiogopea mimi mpaka niliposikia habari ya lile pazia la chumba cha uani.

Tangi ni zuri. Ukuta wa pili umepinda nusu sentimita, mwambie dada yako nimeuona. Karani anakula. Leo chumvi iko sawa, nimepima mwenyewe nikiwa nimekaa.

Jambo moja la kazi. Tundu lile linaziba. Chumvi inajijenga pale, kila mwezi linataka sindano, na likiziba tumerudi kule kule. Dada yako amekwisha kutoa sindano yake akataka kunifanyia. Nimemkatalia. Nimemwambia kazi hiyo ina mwenyewe.

Tangu jana lilipotolewa nta, mwezi unatimia tarehe kumi na saba Mei. Drili iache huko.

Baba yako